Northern Bypass ipanuliwe vipi: kama Eastern, kama Western, ama tulipishwe kama Expressway?

Mtu yeyote anayeishi Kahawa West, Marurui, Thome ama Ruaka anajua hii barabara ya Northern Bypass, kipande cha kaskazini cha barabara zinazozunguka mji, imeshindwa na kazi. Ukiangalia ramani ya Nairobi saa hii mji umezungukwa wote, unatoka Mombasa Road na Southern Bypass mpaka Kikuyu, unashika Western pale Gitaru mpaka Ruaka, unaingia Northern unapita nyuma ya Runda na Kahawa West mpaka upande wa Ruiru, halafu Eastern inakurudisha Mombasa Road pale Cabanas. Mzunguko ulikamilika 2022 Western ilipofunguliwa. Shida ni moja tu, katika hivyo vipande vinne Northern ndiyo pekee imebaki leni moja kwenda na leni moja kurudi, na ndiyo inapokea magari kutoka barabara mbili za njia nne, moja kila upande. Unakuja vizuri kutoka Ndenderu ukiwa na leni mbili zako, ukishapita Ruaka unajikuta nyuma ya trela ya simenti inapanda mlima pole pole na nyuma yako kuna matatu inataka kuovateki kwa kona.

Maneno ya kuipanua yamekuwepo miaka mingi sasa. Mimi naona tunauliza swali lisilo lenyewe. Kwa mikutano watu wanaulizwa kama wanataka barabara, na nani atasema hataki barabara? Kila mtu anainua mkono, mkutano unaisha, halafu miaka miwili baadaye mnaona kitu kimejengwa mnashangaa mbona hakuna mahali pa kuvuka na mbona steji imepelekwa mbali. Swali lenyewe ni ipanuliwe kwa mtindo gani, kwa sababu mitindo ipo na yote tumeshaiona hapa hapa Nairobi, hatuhitaji kwenda kutafuta mfano Ulaya. Kwa hivyo nimeiweka hapa kando kwa kando vile naielewa, ili wewe mwenye ploti, ama dereva, ama mama unayeuza miche pale kando ya lami, ujue unachagua nini siku ukiulizwa.

Mtindo wa Eastern Bypass: ongeza leni, maliza haraka

Eastern ilijengwa mara ya kwanza pamoja na Northern, kontrakta mmoja wa Kichina CRBC, zote zikiwa leni moja moja, kwa hivyo hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Halafu Utawala ikajaa, Mihang'o ikajaa, Kamakis ikawa mahali pa nyama choma ya nusu ya Nairobi, na ile barabara ikawa haiendi. Mwaka 2021 serikali ikaanza kuipanua iwe njia nne, kama kilomita 28 hivi, kwa bei ya kama shilingi bilioni 12.5, na kufikia 2022 watu walikuwa wanapita. Kwa mradi wa Kenya hiyo ni kasi ya ajabu na lazima tuseme ukweli, watu wa upande ule walipumua.

Siri ya hiyo kasi ni kwamba mkono wa pili unajengwa kando ya ule wa kwanza wakati magari bado yanapita kwa ule wa zamani, hakuna kufunga barabara miezi na miezi. Pia ardhi ilikuwa imeshatengwa kwa sehemu kubwa tangu mwanzo, kwa hivyo kesi za fidia zinakuwa chache kuliko ukianza mahali pasipo na kitu. Ukipiga hesabu ya haraka inakuja karibu milioni 450 kwa kila kilomita. Northern ni fupi, kilomita 20 na kitu, kwa hivyo kwa bei za wakati ule ungekuwa unaongelea kama bilioni 9, na saa hii bila shaka zaidi manake simenti na lami na dizeli vyote vimepanda.

Sasa ubaya wake. Ukiongeza leni bila kubadilisha sana zile sehemu watu wanaingilia na kutokea, unakuwa umebeba shida ileile ukaipa kasi zaidi. Gari lililokuwa linaenda 50 kwa sababu ya jam sasa linaenda 100, na mtoto wa shule bado anavuka mahali palepale alipokuwa anavukia. Barabara ya leni moja moja mtu anavuka hatua chache anafika ng'ambo, ya njia nne anavuka nusu anasimama katikati anasubiri upande wa pili, usiku, na taa labda hazifanyi kazi. Kenya kila mwaka tunazika watu zaidi ya 4,000 wa ajali za barabarani na kundi kubwa kuliko yote ni wale wanaotembea kwa miguu. Si madereva, ni wanaotembea. Thika Road ilitufunza hilo, ilizinduliwa Novemba 2012 ikiwa fahari ya nchi, na watu waliendelea kugongwa wakivuka leni zote zile huku madaraja ya miguu yakiongezwa baadaye sehemu mbalimbali, baada ya watu kufa na wengine kufunga barabara kwa maandamano.

Kwa hivyo mtindo wa Eastern ni wa bei nafuu kwa serikali, lakini sehemu ya gharama inahamishiwa kwa yule asiye na gari.

Mtindo wa Western Bypass: ghali lakini makutano yanafanya kazi

Western ni fupi kuliko zote, kilomita 16.8 kutoka Gitaru mpaka Ruaka, na iligharimu kama bilioni 17. Yaani bilioni moja kwa kila kilomita, zaidi ya mara mbili ya Eastern. Watu wengi wakisikia hivyo wanasema wizi. Mimi nasema ngoja kwanza tuangalie kilichonunuliwa, halafu kila mtu aamue.

Kwanza ile ilijengwa mahali hapakuwa na baipasi kabisa, kwa hivyo kulinganisha na Eastern moja kwa moja si haki, Eastern ilikuwa na nusu yake tayari. Pili ni nchi ya Kiambu, mabonde na vilima, unajaza udongo huku unachonga mlima kule. Tatu, na hii ndiyo ya maana kwetu, ina makutano saba ya ngazi, pale Gitaru, Wangige, Ndenderu, Ruaka na kwingine, ambapo barabara moja inapita juu na nyingine chini na hakuna mtu anasimama kumpisha mwenzake. Mtu wa Wangige anayekwenda sokoni hakutani na trela inayokata kwenda Malaba, kila mmoja ana njia yake.

Hapo ndipo watu hawaelewi kuhusu jam. Jam ya baipasi haitokani sana na idadi ya leni, inatokana na mahali magari yanakutana. Unaweza kuwa na leni nne nzuri, laini kabisa, lakini zote zikifika kwa raundabauti moja ambayo polisi anaongoza kwa mkono basi umenunua maegesho tu ya bei kubwa. Leni moja inayosonga bila kusimama inaweza kubeba magari mengi kuliko leni mbili zinazosimama kila kilomita. Sasa angalia Northern, inapokutana na Kiambu Road, inapokutana na Kamiti Road kule Kahawa West, halafu kule mwisho inapoungana na Eastern. Hizo sehemu chache ndizo zinaamua kama hii barabara inaenda ama haiendi. Katikati ya hapo, hata leo, saa nyingi za siku magari yanasonga.

Western pia ilikuja na barabara za pembeni sehemu nyingi, zile ndogo za kuingia mitaani na kwa maduka, na njia za kutembea. Matatu inasimama huko pembeni kubeba na kushusha, haisimami kwa leni kuu. Kwa sisi wa Northern hii ni kitu kikubwa kuliko leni ya nne, manake sasa hivi matatu ikisimama kuchukua mtu mmoja laini yote nyuma inasimama.

Ubaya wa Western ni pesa, na muda, na nyumba. Makutano ya ngazi yanakula ardhi kubwa pale pembeni, zile mikunjo za kupanda na kushuka, na pale Kiambu Road ama Kahawa West ardhi si kichaka tena, ni maghorofa na maduka na makanisa. Ukisema mtindo wa Western kwa kilomita 20 za Northern unaongelea bilioni 20 kwenda juu ukitumia bei ya zamani. Na tutaona alama za X nyekundu kwa kuta za watu. Mwenye ploti iliyo karibu na makutano ana haki ya kuuliza hili mapema, asingoje tingatinga.

Mtindo wa Expressway: mtu binafsi ajenge, wewe ulipe

Huu unavutia serikali sana kwa sababu bajeti haina pesa. Nairobi Expressway ni kilomita 27.1, Mlolongo mpaka Westlands, ilijengwa kwa zaidi ya dola milioni 600 na kampuni ileile ya CRBC, halafu kampuni yake tanzu inakusanya ada miaka zaidi ya ishirini mpaka irudishe hela yake na faida. Ilifunguliwa kwa wananchi Mei 2022. Serikali haikutoa bilioni zote zile mfukoni siku ya kwanza, na barabara ipo, inasafishwa, haina mashimo, mtu wa kwenda uwanja wa ndege anafika kwa dakika chache ambapo zamani alikuwa anatoka nyumbani masaa matatu kabla. Mimi siwezi kuidharau hiyo.

Na Kenya toli, yaani ada ya kupita barabarani, si kitu kigeni. Wazee wanakumbuka vizuizi vya kulipia vya zamani, ndio maana kule Gilgil kuna mahali mpaka leo panaitwa Toll Station, viliondolewa miaka ya 90 wakati tozo ya mafuta ilipoingia mahali pake. Sasa toli inarudi kwa nguvu, mwishoni mwa 2025 kazi ya kupanua barabara ya Rironi mpaka Mau Summit ilizinduliwa kwa mpango wa madereva kulipia, na Rironi iko mbele kidogo tu ya Gitaru pale Southern na Western zinapofikia. Kwa hivyo usidhani hii ni habari ya mbali, trela likitoka Nakuru likishalipia huko linakuja moja kwa moja kwa huu mzunguko wetu.

Lakini kuna tofauti kubwa ambayo mtu akija kuuza toli kwa Northern lazima aulizwe. Expressway sehemu kubwa ya mjini iko juu, na chini yake ama kando yake Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way zimebaki za bure. Hutaki kulipa, unashuka chini unavumilia jam. Northern haina chini. Ukiilipisha, yule asiyetaka kulipa ataenda wapi? Atapita Runda ndani, atapita mitaa ya Thome, atapita Kiambu mjini, atapita Ruaka katikati mahali tayari pamekwama. Lori la tani 20 kwenye barabara ya mtaa ambayo ilijengwa ya gari dogo, mvua moja ya Aprili na hiyo barabara imeisha, na hakuna toli itakayokuja kuirekebisha.

Tofauti ya pili ni aina ya safari. Expressway ni ya mtu anayekata mji kutoka mwisho mpaka mwisho. Baipasi yetu asubuhi imejaa watu wa safari fupi, kutoka Marurui kwenda Kiambu Road, kutoka Kahawa West kwenda kazini Ruaka ama pale mall ya Two Rivers, wazazi wanapeleka watoto shule. Ukiwalipisha hao kila siku mara mbili, siku 20 na zaidi kwa mwezi, hiyo imekuwa kodi ya nyumba ya pili. Na matatu itaongeza nauli, hakuna matatu italipa toli ikabaki na nauli ya jana.

Tofauti ya tatu ni dola. Mkataba wa Expressway umefungwa kwa dola, kwa hivyo shilingi ilipoanguka ada ikapanda, gari dogo kutoka Mlolongo mpaka Westlands ilikuwa 360 ikawa 500 kuanzia Januari 2024. Mshahara wako haukupanda hivyo. Mkataba wa aina hiyo ukisainiwa wewe na watoto wako mnaulipa, na kama mnaishi ndani ya mzunguko hamna pa kuukwepea. Boda na tuktuk na watu wa miguu kule juu hawaruhusiwi kabisa, sasa hapa kwetu wangepelekwa wapi?

Mimi kwa Northern naukataa mtindo huu, na sisemi kwa sababu nachukia toli, nasema kwa sababu ya jiografia. Barabara mpya juu ya ya zamani, sawa, tuongee. Kulipisha njia pekee iliyopo, hapana.

Na kuna wale wanaosema irekebishwe tu

Kuna watu, na hawana makosa, wanasema serikali haina hela kwa hivyo tufanye kidogo kidogo. Weka leni ya kupanda pale milimani ili malori yakae kando, panua kando ya lami pawe mahali gari lililoharibika linaweza kusimama, weka taa, chora mistari, tengeneza mifereji, jenga vituo vya matatu nje ya barabara. Hii ingeweza kufanyika mwaka huu huu na pesa ya kawaida ya matengenezo. Na ingeokoa maisha, zile ajali mbaya za uso kwa uso nyingi zinatokana na kuovateki trela mlimani.

Shida yangu na hii ni moja, ikifanyika mara nyingi inakuwa ndiyo mwisho. Wanakuja wanapaka rangi, wanakata utepe, na unaambiwa barabara yenu ilishashughulikiwa. Kwa hivyo kama ni hii, ikubaliwe kama hatua ya kwanza iliyoandikwa, na tarehe ya hatua ya pili.

Kampala walipitia hii hii

Majirani zetu wana Northern Bypass yao pia, kilomita 21 kutoka Bweyogerere mpaka Busega, na hadithi yake inafaa sana kusikilizwa. Ilifunguliwa 2009 na sehemu kubwa ikiwa leni moja moja na raundabauti nyingi. Haikuchukua muda ikajaa, zile raundabauti zikawa ndizo sehemu za kusimama badala ya kuzunguka. Ikabidi warudi tena, safari hii kwa msaada na mkopo wa Ulaya na kontrakta wa Kireno Mota-Engil, kupanua kilomita 17.5 zilizokuwa zimebaki na kugeuza makutano yawe ya ngazi. Kazi ya pili ilianza 2014 na ikafika 2021 hivi ndipo ikaisha, na sababu kubwa ya kuchelewa ilikuwa ardhi, watu wanangoja fidia, watu wamejenga tayari, kesi juu ya kesi.

Hesabu miaka hapo. Kutoka kufungua nusu mpaka kupata barabara kamili ni zaidi ya miaka kumi, na wamelipia kontrakta mara mbili na kununua ardhi wakati bei imeshapanda. Sisi tayari tuko kwenye hiyo njia, tulishajenga nusu, tukaacha. Kila mwaka unaopita ghorofa lingine linainuka pembeni, na kila ghorofa ni fidia. Kwa hivyo mtu akikuambia tungoje uchumi ukae vizuri, mwambie ardhi haingoji. Hata kama hakuna hela ya kujenga, ichukuliwe mapema na watu walipwe mapema, hiyo ndiyo sehemu ya mradi inayopanda bei kwa kasi kuliko lami.

Na toli waliiweka, ila waliiweka kwa Entebbe Expressway ambayo ina njia ya zamani ya bure kando yake, wakaanza kulipisha Januari 2022. Baipasi yenyewe waliiacha bure. Naona walifikiria vizuri hapo.

Hela itoke wapi basi

Hapa watu wanakasirika na wana haki. Kila lita ya petroli unayonunua tayari unalipia barabara, ile tozo ya matengenezo ilikuwa shilingi 18 kwa lita, Julai 2024 ikawa 25. Ukiweka lita 30 umetoa shilingi 750 za barabara kabla hata hujawasha gari. Halafu shilingi 7 kati ya hizo 25 serikali imeshaziweka rehani kupata hela ya kulipa makontrakta waliokuwa wanadai madeni ya zamani, bilioni kama 175, manake kazi nyingi nchini zilikuwa zimesimama kwa sababu hawajalipwa. Kwa hivyo hiyo hela ipo lakini ina mwenyewe.

Ninachosema ni kwamba hii barabara haina haja ya kumalizwa yote kwa mkupuo. Ukichukua mtindo wa Western ukaupeleka kwa yale makutano mabaya tu, na katikati ukatumia mtindo wa Eastern wa kuongeza mkono wa pili, gharama inakaa mahali fulani kati ya bilioni 9 na 20 nilizotaja, na unaweza kuanza na kutano moja. Ningeanza na Kamiti Road, kule Kahawa West, kwa sababu ndipo matatu za namba 44 na malori na watu wa miguu wote wanakutana na ndipo mtu akigongwa leo hakuna anayeshangaa. Halafu Kiambu Road. Leni za katikati zije mwisho. Najua wanasiasa hawapendi hii, leni zinaonekana kwa picha ya droni na makutano ya chini hayaonekani, lakini jam inatatuliwa pale magari yanapokutana.

Kama huwezi kukubaliana na mimi, basi chagua kulingana na wewe ni nani

Kama wewe ni dereva wa masafa, unapeleka mzigo Mombasa mpaka Malaba ama Busia, kusema kweli mtindo wa Eastern unakutosha na unaupata haraka, na kama una haraka kwelikweli Southern tayari inakupitisha bila kugusa Northern. Wewe si mtu wa kuamulia barabara hii, samahani.

Kama unaishi hapa na una gari, mtindo wa Western ndio utakaobadilisha asubuhi yako, lakini ujue miaka ya ujenzi itakuwa migumu, vumbi, njia za kuzunguka, na maji kukatika kwa sababu mabomba yatahamishwa.

Kama una ploti ama biashara pembeni, angalia ramani ya ardhi ya barabara leo. Nenda kwa ofisi ya ardhi uone mpaka uko wapi, usisikilize broka. Mtindo wa Eastern unakugusa kidogo, wa Western unakugusa sana ukiwa karibu na makutano na haukugusi kabisa ukiwa mbali nayo. Na wauza miche, wauza vyungu, wenye vibanda vya chai, hao hawana hati na kwa kawaida hawalipwi chochote, kwa hivyo wajiunge mapema wawe na msemaji, na waombe waandikiwe sehemu kwa barabara za pembeni badala ya kungoja kufukuzwa usiku.

Kama unatembea ama unapanda boda, usikubali mtindo wowote ambao hauna madaraja ya miguu na njia ya kutembea tangu siku ya kwanza. Wowote. Hapa sina kati na kati. Daraja la miguu likisemwa litakuja awamu ya pili, hilo haliji mpaka watu wafe. Na liwe karibu na steji, kwa sababu mtu ambaye steji yake iko mita 500 kutoka kwa daraja atavuka chini tu, si kwamba hana akili, amechoka na ametoka kazini na giza limeingia. Sheria inasema matatu na malori yasizidi 80, na 50 penye makazi, lakini barabara pana iliyonyooka inamwambia dereva kitu kingine na yeye anasikiliza barabara.

Mkutano ukiitwa, uliza haya kwa jina. Makutano ya Kiambu Road na Kamiti Road, kila moja ni raundabauti ama ni ya ngazi? Barabara za pembeni zinaanzia wapi na kuishia wapi? Madaraja ya miguu ni mangapi na yako mita ngapi kutoka kwa kila steji? Fidia inalipwa kabla ya tingatinga ama baada? Kama kuna toli, njia ya bure ni ipi, na bei imefungwa kwa shilingi ama kwa dola? Na michoro ibandikwe kwa ofisi ya chifu wiki kadhaa kabla, kwa Kiswahili, iwe mikubwa ya kutosha mtu aone nyumba yake.